Kwa wanaoanza mazoezi ya nguvu hapa Goma: bidoni mbili, daftari, na ile wiki niliyoshindwa kuchuchumaa chooni

Mabanga_Kusini (mwanzisha uzi)

Jambo kwenu wakubwa, wadogo, mama na papa. Uzi huu ni wa watu wa aina yangu: miaka 34, kazi ya kukaa, tumbo linatangulia mlangoni. Nauza yuniti na kutuma pesa kwenye kibanda pale Birere, na kiti changu cha plastiki kinanijua kuanzia saa moja asubuhi hadi giza. Mnaonyanyua vyuma tayari someni na mcheke, ruhusa, ila msituletee picha za mikono.

Kilichonisukuma si kioo, ni maji. Mwaka jana robine ya mtaa wetu ilikauka siku tatu, ikabidi tukachote mbali. Nikabeba bidoni (dumu la maji) ya lita 20. Moja tu. Nusu ya njia nikaitua juu ya mawe, nikatoa simu nikajifanya naongea. Mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 13, akanipita na ya kwake mgongoni, kamba kwenye paji la uso, akaniuliza kwa adabu zote: "Mjomba, nifikishe hii nirudi kukusaidia?" Angenicheka ningeumia kidogo.

Nikaenda jimu. Nina rafiki ambaye ana miaka mitatu ananyanyua. Siku ya kwanza nikafanya kila alichofanya yeye, raundi kwa raundi, nisionekane mnyonge. Nilitoka pale najiona simba. Kesho yake maumivu ya kawaida. Kesho kutwa ndipo nilipokutana na choo. Wenye vyoo vya shimo mnanielewa. Kushuka nilishuka, nimeng'ang'ania mlango wa mabati. Kuinuka ikanibidi nimwite mdogo wangu, na mpaka leo hadithi hiyo anaisimulia kwenye kila msiba na kila harusi. Siku nne nilitembea kama bata. Sikurudi jimu mwaka mzima, na mwezi nilikuwa nimeshaulipia.

Rafiki yangu hakunikosea kitu. Kosa lilikuwa kipimo: nilimeza dozi yake ya miaka mitatu kwa siku moja.

Safari ya pili nimeanzia nyumbani, kwa bidoni za njano zilezile. Uzuri wa bidoni ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Huna haja ya mizani. Chukua chupa ya lita moja, mimina nane, una kilo nane, na bidoni yenyewe inaongeza kama kilo moja hivi. Wiki ijayo unamimina tisa. Chuma cha jimu kinaruka kutoka kilo 10 hadi 15, bidoni inapanda kwa chupa. Na maji hayapotei, ukimaliza ndiyo hayohayo ya kuoga.

Nafanya siku tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kabla ya kufungua kibanda. Jumamosi naiachia salongo, zile kazi za usafi wa pamoja. Kwanza dakika tano za kutembea uani na kuzungusha mabega na nyonga. Halafu nachuchumaa nikiwa nimekumbatia bidoni kifuani. Halafu nainua bidoni mbili kutoka chini, moja kila mkono, nikiinama kwa nyonga na mgongo ukiwa umenyooka. Halafu pompi, zile wengine mnaita pushapu. Halafu naegemeza mkono mmoja kwenye benchi, na mkono mwingine navuta bidoni hadi ubavuni. Namalizia kwa kubeba bidoni mbili, hatua 40 kwenda na 40 kurudi. Kila zoezi raundi tatu, mara 8 hadi 12, na nasimama nikiwa bado nina nguvu ya kufanya kama mbili zaidi. Katikati napumzika dakika mbili. Yote haifiki dakika 45.

Nikifikisha 12 kwenye raundi zote tatu, siku inayofuata naongeza lita moja. Nisipofikisha, siongezi. Naandika kwenye daftari la shule la kurasa 48, lile lenye meza ya kuzidisha nyuma. Wiki ya kwanza inasomeka hivi: "Kuchuchumaa lita 8, 12-12-12, rahisi mno, aibu." Niliacha neno aibu makusudi. Wiki ya sita: "Lita 13, 12-11-9." Hapo aibu ilikuwa imeisha.

Pompi sikuweza hata moja ya chini. Nilianza kwa kusukuma ukuta, nikahamia meza, sasa niko kwenye kitanda. Kadiri mikono inavyoshuka ndivyo uzito unavyoongezeka, ni hesabu ileile ya chupa.

Angalizo kwa tunaoishi kwenye nyumba za mbao: tua bidoni taratibu. Asubuhi moja nilizibwaga zote mbili, jirani akatoka na watoto akidhani ni tetemeko. Baada ya Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na matetemeko kufuata, hakuna mtu wa Goma anayesubiri kuuliza mara mbili.

Niko wiki ya saba. Karibuni, ulizeni, sahihisheni.

---

Chukudu_wa_Kibumba

Ah mukubwa, mimi niko nacheka. Mutu analipa feza juu ya kubeba buzito? Mimi nasukuma chukudu, ile kinga ya mbao ya magurudumu mbili ya kubeba mizigo, myaka kumi na moya. Kutoka Kibumba natelemuka na viazi, magunia tatu ao ine, kisha narudisha chukudu mutupu mulima yote. Mulango ya jimu sijaionaka. Ile bidoni yako nitaibeba na kidole.

Lakini niambie kitu moya, mwenye anajua. Mbona mugongo inaniuma ginsi hii? Asubuhi siwezi kufunga kamba ya kiatu.

---

Mabanga_Kusini

Kaka, wewe ndiye mwenye sanamu ya dhahabu pale Rond-point Chukudu, mimi nani nibishane? Ila swali lako la mwisho linanizidi. Naomba anayejua.

---

Kine_Himbi

Nipo. Kazi yangu ni viungo na misuli, na migongo ya wasukuma chukudu naiona kila wiki, kwa hiyo nianze na kaka wa Kibumba.

Ndugu, nguvu unazo, hakuna wa kukupinga. Tatizo ni kwamba kazi haina kipimo. Mzigo anaupanga mwenye viazi, wewe huulizwi. Siku ukiamka umechoka, magunia ni yaleyale. Na chukudu inafanyisha kazi upande mmoja: goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, miaka 11, goti lilelile. Ningekuona ningekuuliza kwanza ni mguu gani, na nina hakika ungenionyesha bila kufikiri. Mtu wa mazoezi anachagua uzito, anafanya pande zote mbili sawa, na kesho yake anapumzika. Misuli inajengeka ile siku ya mapumziko, wakati umekula na kulala. Kazi inakupa uchovu kila siku na siku ya kujengeka haikupi.

Jizoeze kubadili mguu, hata kama mwanzoni utayumba. Mgongo ukiuma usilale kitandani siku nzima, tembea taratibu. Ile ya kuinama kwa nyonga aliyoandika mwanzisha uzi ingekufaa hata kwa bidoni yenye lita tano tu. Cheka, lakini jaribu. Mgongo wako unajua kubana, haujui kuinama na kunyooka bila mzigo wa kutisha. Ukianza kuhisi mguu umekufa ganzi, au mkojo unakutoka bila kujua, au ganzi sehemu unayokalia, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa kwa wanaoanza. Hadithi ya choo inafundisha vizuri kuliko darasa. Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, ndiyo maana kesho kutwa ilikuwa mbaya kuliko kesho. Si asidi ya misuli kama wengi wanavyosema, hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogokidogo, na kinachozichana zaidi ni sehemu ya kushuka, pale msuli unaporefuka huku umebeba uzito. Skwati ni kushuka kwingi. Choo cha shimo ni kushuka tena.

Maumivu hayo huwa pande zote mbili na hupungua ukianza kutembea. Jeraha huja papo hapo, mahali unapoweza kuonyesha kwa kidole kimoja, mara nyingi upande mmoja. Lile la kwanza punguza uzito uendelee. La pili simama.

Na kuna la tatu: mtu aliyejiua kwa mazoezi siku ya kwanza, misuli imevimba na kulegea, mkojo umekuwa rangi ya chai nyeusi au ya Coca. Msuli uliopasuka sana unamwaga vitu kwenye damu vinavyoziba figo. Mtu wa hivyo hapewi mchaichai, anapelekwa hospitali.

Pumzi: toa unaposukuma, vuta unaposhusha. Wengi wanaziba pumzi mpaka mishipa ya shingo inasimama. Kwa mwenye presha hiyo ni hatari. Kama una zaidi ya miaka 40, au kwenu kuna presha, pima kabla. Ikizidi 180 kwa 110, tibiwa kwanza, bidoni itakusubiri.

---

Chukudu_wa_Kibumba

Mguu ya kuume njo inasukuma. Umejuaje.

---

Mama_Kituku

Mimi ni mama wa watoto wanne, miaka 41, nauza samaki Kituku. Magoti yananiuma nikipanda ngazi, na nimenenepa kiuno. Nataka kuanza, lakini mume wangu anasema nitakuwa na mabega ya mwanaume. Mabinti zangu wananiambia nijifunge nailoni tumboni nikimbie, mafuta yatayeyuka. Nishike lipi?

---

Mwalimu_wa_Spoo

Yaya, mimi ni mwanamke na nafundisha michezo shule ya sekondari, nina miaka 12 kwenye kazi hii. Nailoni itupe leo. Inatoa maji, na maji utayarudisha ukinywa glasi mbili. Juu ya hapo, unakimbia umefungwa kama samaki wa kupikwa kwa mvuke, mwili unashindwa kupoa. Mafuta pia hayachagui mahali pa kuondokea kwa sababu umefanyisha mahali hapo kazi. Yanatoka mwili mzima, na tumbo kwa wengi wetu ni la mwisho kusikia habari.

Mabega ya mwanaume: homoni inayokuza misuli ya wanaume sisi tunayo kidogo sana. Hao wanawake wenye mikono mikubwa wamefanya kazi hiyo miaka na miaka, wanakula kwa mizani, na wengine wanatumia dawa. Haiji kwa bahati mbaya. Hakuna mtu aliyeamka asubuhi akajikuta ana mabega. Mwambie papa watoto kwamba utaweza kubeba beseni bila kumwita, tuone kama atalalamika.

Magoti ndiyo ya kuangalia. Usianze na bidoni. Anza kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti. Kiti cha kawaida, mikono kifuani, shuka polepole ukihesabu hadi tatu, gusa tu kiti, inuka. Mara nane, pumzika, tena nane. Kama goti linauma, weka mto juu ya kiti kiwe cha juu. Goti linauma kidogo na kutulia baada ya nusu saa, endelea. Limevimba, au kesho yake limezidi, rudi nyuma hatua moja. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti linapumua. Wanafunzi wangu wenye magoti ya kuuma wengi ni wale wa mapaja membamba wanaoruka sana.

Na usikimbie kwanza. Barabara zetu ni mawe na vumbi la pikipiki. Tembea kwa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na juu yake mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Hiyo "juu yake" ndiyo watu wanairuka. Naona vikundi vya Jumapili vinakimbia vikiimba, vizuri sana, nafurahi, halafu mwaka mzima hakuna aliyenyanyua kitu.

---

Mama_Kituku

Asante mwalimu. Kiti ninacho, hata sokoni nina kigoda. Nitaanza nikisubiri mitumbwi.

---

Mwalimu_wa_Spoo

Kigoda ni kifupi mno, yaya! Kiti kirefu kwanza.

---

Mpishi_Katindo

Hamjagusa chakula na ndipo watu wa Goma tunapoteza. Fufu ya muhogo inashibisha, naipenda, nitakufa naila, lakini protini haina. Gramu 100 za unga wa muhogo zina kama gramu moja na nusu tu. Unga wa mahindi unafika kama nane. Kwa hiyo mtu anapiga vyuma, anakula mlima wa fufu na kijiko cha mboga, anashangaa mwili haubadiliki.

Hesabu ya mtu wa kilo 70. Kiwango cha chini cha mtu wa kawaida ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo, yaani 56 kwa siku. Anayejenga misuli anafaidika hadi kama 1.6 kwa kilo, yaani 112. Hapo ndipo uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49, ulipoona kwamba kuongeza zaidi hakuleti kitu cha maana. Sasa twende sokoni. Mayai mawili ni gramu 12. Sahani ya maharage yaliyoiva, robo kilo, kama 20. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakavu gramu 50, yaani wa kujaa kiganja na kuzidi, kama 30. Kiganja cha karanga 7 au 8. Glasi ya maziwa 8. Uji uliotiwa soya gramu 50, 18. Jumlisha, uko karibu na 95 bila nyama na bila kopo la unga kutoka ng'ambo.

Sambaza wengi wanamdharau kwa sababu ni wa kila siku. Huyu samaki hata si wa asili wa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950, na tangu hapo ndiye anayetulisha. Mle mzima na kichwa chake, mifupa ni kalsiamu.

Kosa moja tu nililofanya mimi: nilianza kula protini yote usiku. Asubuhi chai na mkate, mchana hakuna, usiku nusu kilo ya maharage. Watu wa nyumbani waliniomba niache.

---

Ujiji_Leo

Salamu kutoka Kigoma. Kwa hiyo mlituchukulia dagaa wetu, mkawapa jina jipya, na leo mnajengea misuli? Sawa wakuu, tutakutana mahakamani.

---

Dogo_Ndosho

Mimi niko na miaka 17, kilo 52. Rafiki zangu wanakunywa vidonge vya kunenepa vinauzwa kwa rejareja, wiki mbili tu uso unajaa. Vinasaidia na mazoezi?

---

Kine_Himbi

Mdogo wangu, usiguse. Uliza jina la kidonge. Mara nyingi ni deksametasoni, au siproheptadini, au vyote viwili pamoja. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Deksametasoni ni dawa nzito ya hospitali. Uso unajaa kwa maji na mafuta, huku misuli ya mapaja na mikono inaliwa. Umesoma vizuri: inakula msuli unaoutafuta. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa. Na aliyeitumia muda mrefu asiache ghafla, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake, anaweza kuanguka. Rafiki zako waende kwa daktari wapunguziwe polepole.

Kilo 52 kwa miaka 17 ni mwili ambao bado unakua. Kula mara nne, bidoni mara tatu kwa wiki, lala saa nane au tisa. Simu iweke chumba kingine.

---

Dogo_Ndosho

Chumba ni kimoja, wakubwa. Lakini nimeelewa.

---

Mtu_wa_Keshero

Kuna kitu mwanzisha uzi hawezi kukijua kwa sababu anaishi Mabanga. Sisi wa upande wa Keshero, Lac Vert, Mugunga mpaka Bulengo tuna mazuku. Kwa ndugu wa Kigoma: ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, basi inakaa kwenye mashimo na mabonde kama maji yasiyoonekana. Inajaa zaidi usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Jua na upepo vikija inatawanyika.

Sasa fikirini: ni saa ngapi watu wanafanya mazoezi? Alfajiri. Wapi? Mahali tulivu, pamejificha, watu wasione. Na pompi unafanya pua ikiwa wapi? Sentimita kumi kutoka chini.

Mbuzi anakufa mahali ambapo mtu amesimama na hajisikii chochote, kwa sababu ya kimo tu. Ukiona mahali pana wadudu au ndege waliokufa, au nyasi zimenyauka kwa duara, wazee wa pale wanapajua, waulize. Fanyeni mazoezi juu, si kwenye shimo, na ngojeni jua. Mtu akianguka huko chini usiteremke kumtoa peke yako, mnakuwa wawili.

---

Mabanga_Kusini

Papa wa Keshero, hii sikuifikiria hata kidogo. Nimeirudisha juu ya uzi.

Na swali langu: baba yangu ana miaka 68, ananiangalia kila asubuhi kutoka mlangoni. Juzi akasema, "Hiyo yenye lita tano, nipe." Nimpe?

---

Mwalimu_wa_Spoo

Apimwe presha, halafu mpe. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 1990, walichukua wazee dhaifu wa miaka karibu 90 kwenye nyumba ya kulea wazee, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu wiki nane. Nguvu za mapaja zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Baba yako bado kijana. Kaa karibu naye tu kwa mwanzo, na avae viatu, si kandambili. Kandambili kwenye kokoto za lava ni ajali inayosubiri.

---

Mabanga_Kusini

Wiki ya 12, natoa ripoti kama nilivyoahidi watu wa inboksi.

Kuchuchumaa: bidoni imejaa, lita 20, mara 10-9-8. Nilidhani siku hiyo ningefurahi sana. Nilichofikiria ni kwamba mpira wa kifuniko umechakaa, maji yananimwagikia shingoni. Pompi za chini: tisa. Kubeba bidoni mbili zilizojaa: hatua 60 bila kutua. Mizani inasema nimepungua kilo mbili tu, lakini mkanda umerudi matundu mawili. Kine, ulichoniandikia pembeni ni kweli, wiki za mwanzo nguvu zilipanda haraka huku mikono ni ileile, mwili ulikuwa unajifunza kutumia msuli uliopo. Kuanzia kama wiki ya nane ndipo shati lilipoanza kubana begani.

Si kila kitu kimeenda vizuri. Wiki ya tisa niliumwa malaria, siku kumi bila mazoezi. Nilivyorudi nilitaka kuendelea pale nilipoishia, lita 17, nikasikia kizunguzungu raundi ya kwanza. Nikamwaga hadi lita 12 na kuandika "malaria" kwenye daftari. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimerudi. Kwa hiyo anayetoka kuumwa asijilaumu, amwage maji tu.

Mzee naye ana ukurasa wake kwenye daftari. Ameandika kwa mkono wake, kwa herufi za zamani zile za kulalia: "Lita 5, mara 8. Lita 5, mara 8. Chai."

Chukudu wa Kibumba alinipitia kibandani wiki iliyopita, tulikuwa hatujawahi kuonana. Amebadili mguu. Anasema bado anayumba na wenzake wanamcheka, lakini kiatu anafunga mwenyewe. Aliinua bidoni yangu niliyoweka nyuma ya kibanda kwa kidole, kama alivyosema. Kidole cha kati.

Sasa msaada: bidoni ya mkono wa kulia imepata ufa chini ya mpini, inavuja matone. Kuna kijana alikuwa anaziba plastiki kwa chuma cha moto karibu na soko la Virunga, simwoni siku hizi. Nani anajua alipohamia?